Ngazi Haikuwa na Kosa

Lidcombe, Sydney
7 Mei 2023

Baba mpendwa,

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu kwenye bahasha. Tangu tumzike mwanao Musembi, nimekuwa nikikutumia salamu kupitia kwa dada yake Wavinya, nawe ukinirudishia salamu kupitia kwa Wavinya huyo huyo, kama majirani waliogombania mpaka wa shamba. Simu huisikii, na ujumbe ukifika kwenye simu ya Wavinya unasomwa na nyumba nzima. Kwa hiyo nimenunua stempu.

Sisi huku tupo. Syombua ametimiza miaka minane, ameng'oka meno mawili ya mbele, na Kiswahili anakielewa chote ila akijibu anajibu kwa Kiingereza. Baridi imeanza. Zamani uliniambia Australia yote ni jangwa; njoo ulale katika nyumba hii mwezi wa saba. Ni nyumba ya kabla ya vita vya Hitler, kuta za matofali na paa la vigae, na joto lote tunalowasha linapanda juu na kutoroka. Mtoto anakohoa tangu Pasaka.

Shida yangu ni dari. Musembi aliiacha nusu. Upande wa chumba chetu alikuwa amekwisha kutandika ile pamba ya kioo ya kuzuia baridi, na katikati alikuwa ameanza kuweka mbao ili tupate mahali pa kuhifadhia vitu. Upande wa mtoto hakuna kitu. Watu wa kanisa waliziba plasta iliyovunjika siku ile alipoanguka, lakini kifuniko cha tundu la kupandia sijakigusa karibu miaka miwili sasa.

Rafiki yangu Wilkister, tunayefanya kazi naye hospitalini, ananiambia niite kampuni waje wamalize kwa siku moja. Ana haki. Lakini mimi sitaki mgeni ang'oe kazi ya Musembi aanze yake. Nataka iishe kama alivyoianza, na yeye alijifunza kwako. Basi nifundishe, Baba. Nikimaliza nitapandisha vitu vyake huko juu, nguo, viatu na sanduku la zana. Bado viko chumbani, na kila nikifungua kabati nasahau kwa sekunde moja, halafu nakumbuka.

Mkaza mwanao,
Gakii


Tala
2 Juni 2023

Kwa mama mkwe wangu Gakii,

Usicheke. Binti yako amebeba jina la marehemu mke wangu, kwa hiyo yeye ni mke wangu, na wewe unayemlea ni mama mkwe. Kwa adabu za Wakamba ningetakiwa kujificha kichakani nikikuona unakuja. Bahati njema kuna bahari.

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Mimi si mzima. Masikio yameliwa na mashine ya kuranda, na magoti yanafuata. Hofu kwako nilikuwa nayo kweli. Barua yako nimeisoma mara nne.

Sasa kazi. Wewe ni muuguzi, humdungi mtu sindano kabla ya kusoma faili lake. Usipande huko kabla hujanijibu haya.

Boriti za dari zimeachana kwa nafasi gani, na zina unene gani? Hizo ziliwekwa kushikilia dari, hazikuwekwa kubeba ghala. Zikiwa nyembamba utaweka masanduku ya nguo, hutaweka cherehani wala vitabu. Halafu hiyo pamba ina kina gani? Mbao zikiibana haifanyi kazi tena, inakuwa kama godoro lililolaliwa na mgeni mnene. Lazima mbao ziinuliwe kwa vipande vinavyosimama juu ya boriti, pamba ibaki chini inapumua. Ukingoni, pale paa linapokutana na ukuta, acha uwazi upepo upite, la sivyo utafuga ukungu. Na kama kuna vumbi la zamani la kijivu limemwagwa huko juu, usiliguse hata kwa ufagio. Nyumba za umri huo zina asbesto. Mwite mwenye kupima.

Waya pia. Nyumba ya umri huo ina waya za umri huo. Hiyo si kazi yako wala yangu, ni ya fundi wa stima mwenye cheti.

Ukipanda, mguu juu ya boriti tu. Kati ya boriti na boriti hakuna kitu, ni hewa iliyopakwa chokaa.

Kuhusu nguo zake. Huku kwetu nguo za marehemu hugawiwa, unajua. Ukizipandisha darini, mtoto atalala chini ya baba yake kila siku. Fikiria.

Nina jambo ambalo hata Wavinya hajui vizuri. Musembi alipokuwa na miaka tisa nilimpandisha ngazi kwa mara ya kwanza hapa karakana. Akaniambia, "Baba, nishikie." Nikamwambia fundi wa kweli hashikiwi ngazi. Vijana wote wakacheka, naye hakuniomba tena maisha yake yote. Ulipompigia Wavinya simu kwamba ameanguka, nilijua papo hapo ni nani aliyemwangusha. Sijapanda ngazi tangu siku hiyo. Karakana nimeifunga kwa kufuli. Watu wanadhani ni magoti.

Nakuuliza jambo moja na usinionee huruma. Siku ile aliomba kushikiwa ngazi? Kama hakuomba, niambie tu.

Mkwe wako mkongwe,
Mutua


Lidcombe
25 Juni 2023

Baba mpendwa,

Nimefuata ulivyosema, sikupanda. Nimesimama kwenye ngazi, nimeingiza kichwa na tochi, nimepima. Boriti zimeachana sentimita arobaini na tano, kina chake sentimita kumi, upana tano. Pamba aliyoiweka Musembi imezidi urefu wa boriti kidogo, na mbao alizoweka ameziinua kwa vipande, kama ulivyosema. Nilipoona vile vipande vimekatwa sawasawa, kimoja kama kingine, nilishuka nikaketi.

Mpimaji wa asbesto alikuja na barakoa yake na mfuko. Ndani ya dari ni salama. Vipande vya nje chini ya ukingo wa paa ndivyo vyenye asbesto, akasema nisivitoboe wala kuvikwaruza, niviache vilivyo na rangi yake.

Fundi wa stima nimempata. Anaitwa Murhula, Mkongomani wa Bukavu, cheti chake amekipatia hukuhuku. Mke wake Cécile tunaimba naye kwaya. Unajua Kiswahili chao, stima wanaiita courant. Alipofika alisimama chini ya tundu akaniuliza, "Mama Gakii, umeshakata courant? Hapana taa tu. Courant yote, kule inje ku compteur." Nikatoka nje mpaka kwenye mita, nikashusha swichi kubwa, nikarudi ndani, nikakaa kwenye sakafu ya jikoni nikalia mpaka akaogopa. Akadhani nimemkumbuka marehemu. Akanichemshia chai kwa gesi, katika nyumba yangu mwenyewe.

Anasema waya zote za juu ni za zamani sana, mpira uliozifunika umekuwa makapi, ukiugusa unamwagika. Kuna sehemu moja, karibu na mbao za mwisho za Musembi, ambapo waya umeungua. Atazibadilisha zote, na ataweka swichi ya usalama ile inayokata yenyewe mtu akishikwa na stima. Nyumba hii haikuwa nayo.

Kuhusu swali lako. Hakuomba kushikiwa. Lakini ngazi ipo gereji, nimeikagua, ni nzima, haijapinda hata kidogo, na miguu yake ina mpira. Baba, usijilaumu kwa ajili ya ngazi. Nakuomba sana. Nitakuandikia zaidi nikipata nafasi, wiki hii nina zamu nyingi.

Mkaza mwanao,
Gakii


Tala
19 Julai 2023

Mama mkwe,

Vipimo nimevipata. Boriti zako zinabeba masanduku ya nguo na mikoba ya safari, basi. Mbao zilaze kukatisha boriti, usizilaze kuzifuata, na kila mwisho wa ubao uishie juu ya boriti. Ubao unaoishia hewani ni mtego wa panya, na panya ni wewe. Tumia skrubu, usigonge misumari. Nyundo itakupasulia plasta yote ya chini. Kaa katikati ya nyumba, ukingoni usifike. Vaa barakoa, glavu na mikono mirefu, pamba ya kioo inawasha kuliko upupu.

Hayo ni ya dari.

Mimi ni kiziwi, Gakii, sijawa kipofu. Umeandika ngazi ni nzima. Umeandika waya umeungua karibu na mbao zake za mwisho. Umeandika fundi alipokuambia ukate stima ulikaa chini ukalia mpaka akaogopa. Nimekuwa fundi miaka arobaini na sita na nimewahi kuona mtu aliyeshikwa na stima.

Siku ile nani alikuwa kwenye swichi?

Jibu hilo kwanza, ndipo upande.

Mutua


Lidcombe
11 Agosti 2023

Baba,

Ni mimi.

Ni mimi niliyezima, na sikuzima. Nitaandika yote kwa mara moja. Nikipumzika nitaichana karatasi hii kama nilivyochana tatu kabla yake.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa nane, mji umefungwa kwa sababu ya korona. Ghala alikofanya kazi Musembi lilikuwa limewapumzisha nusu ya watu, na wewe unajua mwanao hakuweza kukaa bure. Syombua alikuwa jikoni kwenye masomo yake ya kompyuta. Mimi nilikuwa koridoni nikimpitishia mbao moja moja kupitia tundu. Tulikuwa tunacheka, Baba. Nataka ulijue hilo. Pamba ilikuwa imemwingia shingoni, anajikuna, ananilaumu mimi kwamba nimeinunua ya bei rahisi.

Kisha akafika palipo na waya. Akaniambia, "Gakii, zima stima."

Kwetu Meru stima ni taa. Mama alikuwa akituambia zimeni stima mlale. Nikanyoosha mkono nikabonyeza swichi ya ukutani. Taa ya koridoni ikazimika, naye kule juu aliiona ikizimika. Akasema, "Asante."

Sidhani ilipita hata dakika. Nilisikia kishindo, na akashuka pamoja na plasta, akaanguka miguuni pangu. Mimi ni muuguzi. Nilimfanyia kila nilichofundishwa mpaka gari la wagonjwa likafika, na sikuacha hata mara moja. Nilipokuwa namfinya kifua nilisikia friji inanguruma. Mwalimu wa Syombua alikuwa anaendelea kuwasomea watoto hadithi. Ndipo nikaelewa kwamba stima ilikuwepo muda wote.

Kuna baya zaidi ya hilo. Siku nyingine najiuliza kama kweli sikuelewa. Mume yuko darini, ana bisibisi mkononi, anasema zima stima. Mke mwenye akili angeuliza, ipi? Ningezima yote, somo la mtoto lingekatika, na mwalimu alikuwa amekwisha kulalamika wiki hiyo kwamba Syombua anapotea potea. Sikumbuki kuwaza hivyo. Lakini sikumbuki pia kutowaza. Nimeipitia dakika ile mara nyingi mno hata sasa siijui tena.

Nilipopiga simu na Wavinya akakuandikia kwenye karatasi niliyoyasema, nilisema ameanguka. Alianguka kweli. Nikajiambia hayo mengine nitasema baadaye, tukishazika. Tukamzika tukiwa watu kumi tu, pale makaburini Rookwood, ninyi mkatazama kwenye simu, nikajiambia nitasema baada ya arobaini. Halafu mwaka jana Wavinya akaniandikia kwamba umefunga karakana, na ukikaa peke yako unasema ngazi, ngazi. Nikaelewa unachokibeba. Nikanyamaza. Niliogopa kwamba ukijua utaniondoa katika nyumba yako, mimi na mtoto, na sina nyumba nyingine ya Musembi iliyobaki.

Usinisamehe haraka, sikuombi hilo. Lakini ngazi hiyo iweke chini, Baba. Haikuwa na kosa, na wewe hukuwa na kosa.

Gakii


Lidcombe
15 Oktoba 2023

Baba,

Sijapata jibu. Wavinya anasema unakula na unatembea kila siku. Hajui chochote, nimeona hukumwambia. Nimeshukuru kwa hilo.

Sijui kama una haja ya kusikia habari za dari, ila wewe ndiwe uliyeanza kunifundisha na sitaki uachwe katikati. Tumeimaliza. Murhula alibadilisha waya zote akaweka swichi ya usalama. Baada ya hapo tulipanda mimi na Wilkister kwa zamu, na kila mmoja wetu alipokuwa juu na skrubu, mwingine alisimama nje kwenye mita, swichi kubwa iko chini, na hakubanduka mpaka wa juu ashuke. Wilkister ni Mjaluo wa Ugenya, hahitaji kuambiwa jambo mara mbili. Alisimama kwenye mvua na mwavuli. Jirani yetu mzee akamwuliza kama anasubiri basi.

Pamba tumetandika mpaka juu ya chumba cha Syombua. Haikubanwa popote, tumeacha uwazi ukingoni, na tumeiweka mbali na taa. Mbao za Musembi sikuzisogeza, tumeunganisha zetu na zake. Mtu asiyejua hawezi kuona zinapokutana, ila mimi naona, zake zimekaa vizuri zaidi. Mtoto hakohoi tena.

Nguo sikuzipandisha. Nilifanya ulivyosema, nikazigawa. Ndugu zake Cécile walikuwa wamefika kutoka kambi ya wakimbizi, wanaume watatu, hawana koti hata moja. Wiki iliyopita nilikuwa stesheni ya Lidcombe nikisubiri treni ya kwenda Parramatta, nikaona mgongo wa Musembi mbele yangu, lile koti la kijani lenye kola iliyochakaa. Nilimfuata mpaka mwisho wa jukwaa. Nilijua ni Moïse, mmoja wa ndugu wale, mimi mwenyewe ndiye niliyempa. Nilijua na bado nikamfuata. Alipogeuka akanisalimia kwa furaha, "Jambo mama," nikaacha treni iende.

Huko juu nimeweka mikoba ya safari na mapambo ya Krismasi tu.

Ukitaka kunikasirikia nikasirikie kwa maandishi. Kimya hiki ni kigumu.

Gakii


Tala
6 Novemba 2023

Gakii,

Barua yako ya mwezi wa nane ilinifikia mwanzo wa Septemba. Nilikwenda nayo karakana, nikafungua kufuli, nikaisomea humo. Baada ya hapo nilikaa wiki nzima bila kuzungumza na mtu, jambo ambalo kiziwi anaweza kulifanya na watu wasigundue.

Wiki ilipokwisha nilitoa ngazi. Niliiegemeza chini ya tundu la dari hapa nyumbani, nikapanda hadi mabega yakaingia, nikamwita Wavinya. Nikamwambia, zima stima. Akazima taa ya sebuleni, akanitazama, akaniuliza kwa mikono kama nimepatwa na wazimu. Kesho yake nikamwita mume wake. Akazima taa. Nikamwita Mwalimu Gitau, mtu aliyestaafu na vitabu vyake, anayesahihisha hata matangazo ya kanisa. Akazima taa. Nikamwita mama anayetuletea maziwa, nikamwita mhubiri, nikawaita wajukuu wa jirani wote. Magoti yangu yalilia mwezi mzima. Mhubiri aliniombea.

Mmoja tu ndiye aliyetoka nje moja kwa moja mpaka kwenye mita akashusha swichi kubwa. Ni Katiku, na Katiku alikuwa mwanafunzi wangu karakana pamoja na Musembi.

Nikaelewa. Katika karakana yangu stima ilikuwa ni ile swichi kubwa ya mashine. Taa tuliita taa. Niliposema zima stima, kila kitu kilinyamaza. Musembi alikulia humo, akazungumza nawe kwa neno la karakana, na wewe ukalisikia kwa sikio la nyumbani kwenu. Mlioana kwa Kiswahili kwa sababu wewe hujui Kikamba na yeye hakujua Kimeru, na miaka yote ile kilikuwa kinawatosha. Kiliwaacha siku moja tu.

Kwa hiyo kwa swichi huna kosa mbele yangu. Nimeipima kwa ngazi yangu mwenyewe na kwa watu wangu mwenyewe, na hakuna anayeweza kunibishia. Kuhusu lile la mwalimu na somo la mtoto, mimi sina jibu. Wewe pia huna. Acha kulitafuta.

Lakini kuna la pili, na nitaliandika kwa sababu uliniambia nikasirike kwa maandishi. Ulijua. Wavinya alikuandikia kwamba mzee anasema ngazi, ngazi, na wewe ukaelewa maana yake, ukakunja barua ukaenda kazini. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimemuua mwanangu. Kaburi lake sikulitupia hata konzi moja ya udongo, na sikulalamika, nilijiambia ndivyo inavyonistahili. Mama yake Musembi angekuwa hai ningemwambia ni mimi, na angekufa akiniamini. Uliogopa nitakuondoa katika nyumba yangu. Umekuwa mke wa mwanangu miaka kumi na mmoja, Gakii. Ulinidhania mimi ni mtu gani?

Hilo la pili sijaweza kulisamehe. Nimejaribu. Nimeianza barua hii mara tatu nikitaka kuandika kwamba yameisha, na mkono unakataa. Sitaki kukuandikia neno ambalo silo, tumeshaona maneno yanavyofanya.

Dari umeifanya vizuri. Umesahau kitu kimoja. Kifuniko cha tundu nacho kivishwe pamba kwa juu, na ukingo wake uzibwe kwa utepe wa sponji. Joto linatorokea hapo.

Sasa nakuomba usiniandikie kwa muda. Syombua aandike, hata kwa Kiingereza, Mwalimu Gitau atanitafsiria kwenye karatasi. Mwambie babu yake anataka kujua kama meno yameota. Hilo la swichi usimwambie mpaka akue, na siku hiyo mwambie wewe mwenyewe, yote, kabla hajajiokotea kosa la kwake la kubeba.

Siku nitakayoweza nitakuandikia mimi. Nina miaka sabini na minane na mwendo wangu unaujua. Nikifa kabla sijakufikia, ujue nilikuwa nimekwisha kutoka nyumbani kuja kwako.

Mutua